Maneno Yale Yale, Majibu Mawili



Katika semina ya wanandoa iliyofanyika parokiani kwetu kabla ya Kwaresima, bwana mmoja alisimama akauliza swali ambalo sikulijibu vizuri siku ile. Alisema hivi: "Mwalimu, mimi nina mke na watoto watatu. Nyumbani kwangu hakuna ubaguzi. Nikinunua viatu, nawanunulia wote. Nikigombeza, nawagombeza wote. Na mke wangu namwambia mambo wazi, kama ninavyomwambia mtu mwingine yeyote. Lakini yeye kila siku ananiambia kwamba simpendi. Je, kuwatendea watu wote sawasawa, hiyo si ndiyo haki?"

Wanaume walimpigia makofi. Mke wake, aliyekuwa ameketi upande wa kina mama, aliinamisha kichwa akawa anakunja na kukunjua leso yake. Mimi nikajibu haraka kwamba upendo ni mkubwa kuliko haki, kisha tukaenda kunywa chai. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani nilijua kwamba nimemkwepa yule bwana. Maneno niliyompa yalikuwa matamu, lakini hangeweza kwenda nayo nyumbani akayatumia.

Tena swali lake si la kijinga. Sisi makatekista hufundisha kwamba Mungu hana upendeleo, na Mtume Petro mwenyewe alilikiri jambo hilo alipokuwa nyumbani kwa Kornelio. Basi kama Mungu hapendelei, mbona Injili zimejaa habari za Yesu akimtendea huyu hivi na yule vile? Mmoja anaambiwa aache yote afuate, mwingine anaambiwa arudi kwao. Mmoja anakemewa, mwingine anakaribishwa mezani. Je, huo si upendeleo? Na mtu anayebadilika kwa kila anayekutana naye, tutamtofautishaje na kinyonga?

Hebu tufungue Injili ya Yohane, sura ya 11. Lazaro wa Bethania amefariki. Dada zake wawili, Marta na Maria, walikuwa wametuma habari kwa Yesu mapema kwamba rafiki yake ni mgonjwa, lakini yeye alikaa siku mbili zaidi mahali alipokuwa. Anapofika, marehemu ana siku nne kaburini. Marta akisikia kwamba yuko njiani anaondoka kwenda kumlaki. Maria anabaki ameketi nyumbani pamoja na waombolezaji. Marta anamwambia Yesu kwamba kama angalikuwapo, ndugu yao hangekufa. Baadaye Maria anaitwa, anakwenda, anaanguka miguuni pa Yesu, na anamwambia jambo lile lile, karibu neno kwa neno.

Sasa angalia majibu. Kwa Marta, Yesu anazungumza. Anamwambia kuhusu ufufuko, anamwuliza kama anaamini, na Marta anatoa ungamo kubwa la imani. Ni kama somo la katekesi kando ya barabara. Kwa Maria hakuna somo. Yesu anamwona akilia, anafadhaika rohoni, anauliza tu walikomweka marehemu, kisha naye analia.

Wao ni ndugu wa tumbo moja, msiba wao ni mmoja, maneno yao ni yale yale na siku ni ile ile. Lakini mmoja alipewa maneno na mwingine akapewa machozi. Na tusisahau kwamba Yesu alijua atakalotenda muda mfupi baadaye. Angeweza kumwambia Maria anyamaze, kwa kuwa ndugu yake atatoka kaburini kabla jua halijatua. Lingekuwa neno la kweli kabisa. Hakulisema.

Nimeisoma sura hii mazishini mara nyingi sana, pengine kuliko sura nyingine yoyote, lakini kwa miaka mingi niliisoma kwa mdomo tu. Nitawaeleza nilivyoielewa, ingawa habari yenyewe hainipi sifa.

Mwaka 2016 mama mkwe wangu alifariki. Tulimzika shambani kwao, na kwa kuwa mimi ni katekista, nikaombwa niseme machache kabla ya Padre kufika. Nilisema mengi. Nilieleza toharani, nikaeleza ufufuko wa wafu, nikaeleza kwamba mkristu hapaswi kuomboleza kama mtu asiye na matumaini. Shemeji yangu mkubwa, dada yake mke wangu, alinishika mkono akasema nimemtia nguvu. Nilijisikia vizuri. Usiku, tulipobaki wawili, mke wangu akaanza kulia, nami nikaendelea na mahubiri yangu. Nikamwambia kwamba mama alipata Mpako Mtakatifu, kwamba alikuwa amekula miaka mingi, kwamba tumshukuru Mungu. Mke wangu alinyamaza. Nikadhani nimemfariji.

Alinyamaza karibu mwezi mzima. Chakula aliniandalia, nguo zangu alizifua, maswali yangu aliyajibu kwa neno moja. Siku moja nikamwuliza nimemkosea nini. Akaniambia, bila hasira: "Baba watoto, siku ile nilitaka mume. Ukaniletea katekista."

Hapo ndipo nilipoielewa Bethania. Mimi nilikuwa nimempa Maria jibu la Marta. Hakuna neno hata moja nililosema usiku ule lililokuwa la uongo. Yote yamo katika katekisimu. Shemeji yangu, aliyefiwa na mama yule yule, aliyapokea kama maji ya kunywa. Mke wangu aliyapokea kama mlango uliofungwa usoni pake. Na miezi michache tu kabla ya msiba huo, Papa Fransisko alikuwa ametoa wosia wake kuhusu upendo katika familia, Amoris Laetitia, ambamo anasema kwamba mara nyingi mwenzi wetu hatafuti ufumbuzi wa tatizo lake, anataka tu asikilizwe na maumivu yake yatambuliwe. Kitabu hicho nilikuwa nacho kabatini. Nilikuwa nimekifunika kwa gazeti kisichafuke.

Mtu anaweza kuuliza, Yesu alijuaje? Tutasema alijua kwa kuwa ni Mungu, na ni kweli. Lakini tusikimbilie jibu hilo upesi, maana ishara zilikuwapo ambazo hata binadamu angeziona. Marta alikwenda kumlaki njiani, na baada ya lalamiko lake aliongeza kwamba hata sasa anajua Mungu atampa Yesu lolote atakaloomba. Yeye mwenyewe alifungua mazungumzo. Maria aliongeza machozi tu. Yesu alimfuata kila mmoja kwa mlango alioufungua. Na mke wangu usiku ule hakuniuliza swali lolote kuhusu toharani.

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliagiza kwamba tarehe 29 Julai, iliyokuwa sikukuu ya Marta peke yake, iwe kumbukumbu ya Marta, Maria na Lazaro pamoja. Nilifurahi, maana nadhani ndugu hawa hawaeleweki vizuri ukiwatenganisha.

Sasa nirudi kwa yule bwana na viatu vyake. Alisema huwanunulia watoto wote viatu. Vema. Lakini je, huvinunua vya namba moja? Kama mkubwa anavaa namba saba na mdogo namba mbili, atawapa wote namba tano ili pasiwe na ubaguzi? Mkubwa ataumia vidole na mdogo atajikwaa njiani kwenda shule, na baba atasema nimetenda haki. Hapana, hata yeye hawezi kufanya hivyo. Akiwa dukani huulizia mguu wa kila mtoto. Kwa hiyo anajua tayari kwamba usawa ni kila mtoto apate kiatu, si kila mtoto apate kiatu kile kile. Anachokosa ni kulichukua jambo analolijua dukani na kuliingiza katika maneno yake, katika hasira yake na katika muda anaowapa watu wa nyumba yake. Mguu huonekana kwa macho. Moyo wa mke hauonekani, lakini nao una namba yake.

Mungu hapendelei, maana yake hakuna mtu ambaye mema yake hayatafuti. Mema ya Marta na mema ya Maria yalikuwa na uzito sawa mbele ya Yesu. Ndiyo sababu hakuwapa kitu kimoja. Angempa Maria somo la Marta, hapo ndipo angekuwa amempendelea Marta.

Na habari ya kinyonga? Swali hili nimelisikia zaidi kwa wanaume, ambao huogopa kwamba wakiwa wapole kwa mke na wakali kazini wataonekana hawana msimamo. Tuwatazame matajiri wawili. Yule wa kwanza, ambaye Marko anatusimulia katika sura ya 10, alikuwa ameshika amri tangu ujana wake. Yesu alimtazama, akampenda, akamwambia auze alivyo navyo awape maskini. Akaenda zake kwa huzuni. Wa pili ni Zakayo wa Yeriko, mkubwa wa watoza ushuru, mtu aliyechukiwa na mji mzima. Kwake Yesu hakudai chochote. Alimwambia tu ashuke mtini kwa sababu atakaa nyumbani mwake siku hiyo. Zakayo akatoa nusu ya mali yake mwenyewe, akaahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, na Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo, wala hakuuliza nusu nyingine iko wapi.

Je, Yesu alibadilisha sheria kati ya mtu na mtu? Mimi naona hapana. Tajiri wa kwanza alikuwa na heshima, alikuwa na dini, na kitu kimoja tu kilichomfunga kilikuwa mali. Zakayo mali alikuwa nayo, lakini hakuwa na mtu wa kuketi naye mezani. Yesu aligusa kila mmoja mahali palipouma. Na kwa ajili ya Zakayo watu walimnung'unikia yeye Yesu. Hapo utaona tofauti. Kinyonga hubadilika rangi kwa faida yake mwenyewe. Yesu alipojirekebisha kwa ajili ya mtu, aliyelipa gharama ni yeye.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama upole wako ni wa Kristu au ni wa kinyonga, jiulize unambadilikia mwenzako kwa faida ya nani. Kuna mabwana huku kwetu ambao hawamwiti mke "mpenzi" ila msimu wa bonasi ya majani chai, wakati namba ya mkulima ni ya mke. Mabibi wao huwajua mapema. Sauti ikilainika tu, wanaficha kadi ya benki.

Wala kufuata hitaji la mtu si kumkubalia kila anachotaka. Marta huyo huyo, siku nyingine, alikuja kulalamika kwamba Maria amemwachia kazi zote za jikoni. Alitaka Yesu amwamuru Maria aende kumsaidia. Yesu alimwita kwa jina mara mbili, kwa upole, na hakumpa alichotaka. Yule mtu wa Gerasi aliyetolewa pepo aliomba sana aingie mashuani awe pamoja na Yesu, akaambiwa aende kwa watu wa nyumbani kwake. Mimi hupenda kuwakumbusha habari hiyo wanaume ambao hawakosi mkutano hata mmoja wa kanisa huku watoto wao hawajui sauti ya baba ikisali. Na mwanamke Msamaria pale kisimani, ambaye Yesu alianza kwa kumwomba maji, alisikia baadaye habari ya waume wake watano na ya huyo wa sita asiye mume wake. Ukweli haukuachwa. Ulisubiri mpaka mama yule awe na uhakika kwamba anayeusema hakuja kumwaibisha.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba Yesu, aliyejua yaliyomo moyoni mwa mtu bila kuambiwa, aliuliza. Bartimayo kipofu anapaza sauti kando ya barabara. Kila mtu anaona shida yake ni nini. Hata hivyo Yesu anamwuliza anataka afanyiwe nini. Sisi, tusiojua kitu, hatuulizi. Bwana anamnunulia mkewe sufuria kubwa, akimwona hafurahi anasema wanawake hawana shukrani, kumbe mama wa watu alitaka siku moja ya kwenda kumwona mamake. Bibi anamwekea mumewe nyama kwenye sahani na kumweleza habari zote za chama, kumbe mwenzake amepunguzwa kazini na amekuwa akiondoka kila asubuhi na mkoba mtupu, na alikuwa akisubiri kuulizwa mara moja tu, "Baba, una nini?"

Kuna wengine ambao hata ukiwauliza hawana maneno. Kwa hao mtazame yule kiziwi wa Dekapoli, katika Marko sura ya 7. Yesu alimtenga na umati, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi. Kwa nini vidole? Nadhani ni kwa sababu mtu yule hangesikia maneno. Yesu alizungumza naye kwa mikono, lugha ambayo kiziwi huielewa. Wako waume na wake walio viziwi wa namna hiyo. Waambie unawapenda mara kumi, hawasikii. Wapashie maji ya kuoga, au uwarekebishie mlango unaolia usiku, watasikia.

Hapa lazima niseme neno kwa wanaume wenzangu, hata kama hamtalipenda. Katika nyumba nyingi kazi hii ya kumpima kila mtu na kumpa kinachomfaa imeachiwa mama peke yake. Yeye ndiye anayejua kwamba baba akirudi kimya asiulizwe kitu mpaka amalize chai, kwamba mtoto wa pili hapaswi kukemewa mbele ya wageni, kwamba nyanya hutaka kusalimiwa kabla ya wengine. Baba yeye yuko vile vile kwa wote, kama jiwe la kusagia, na anakuita huko kuwa na msimamo. Kristu hakufanya hivyo. Yeye aliye Bwana wa wote ndiye aliyejirekebisha kwa kila mtu, na ikiwa tunajivuna kwamba mume ni kichwa cha nyumba kama Kristu alivyo kichwa cha Kanisa, basi kazi hiyo ni yetu kwanza.

Na neno lingine, kwa akina mama wanaopigwa. Msidhani nimeandika haya ili mkae mkitafuta ni hitaji gani la mume mmeshindwa kulitimiza hata akawapiga. Yesu alijua pia kwamba wako watu ambao hitaji lao ni kusimamishwa. Wafanya biashara hekaluni aliwafukuza, na Petro, rafiki yake, alimkemea vikali mbele ya wenzake. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kuondoka ikiwa mwenzake anahatarisha sana roho au mwili wake au wa watoto, na Kenya tuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Mwone padre, mwone chifu, nenda kwa ndugu zako. Anayepiga hasaidiwi kwa kuvumiliwa.

Yule bwana wa semina nilikutana naye tena baada ya Pasaka, kwenye foleni ya posho mill. Nikamwomba msamaha kwa jibu langu la haraka, nikamsimulia habari ya Marta na Maria, na ya viatu. Alifikiri kidogo akasema, "Sasa Mwalimu, nitajuaje mke wangu ni Marta au ni Maria?" Nikamwambia hata mimi huwa sijui, na kwamba mke wangu huwa Marta Jumatatu na Maria Alhamisi. Akacheka. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama inafaa amwulize mwenyewe, au atamwona mume mpumbavu. Nikamkumbusha Bartimayo. Zamu yake ikafika, akainua gunia lake la mahindi.

Mwaka jana, siku ya kumbukumbu ya mama mkwe, mke wangu alitaka kwenda kaburini. Nilichukua kitabu changu cha sala kama kawaida yangu, halafu nikakirudisha mezani nikachukua jembe. Tulipalilia kaburi pamoja. Alinieleza jinsi mama yake alivyokuwa akimsuka nywele jioni, na jinsi alivyomficha siku alipovunja mtungi wa nyanya yake. Habari hizo sikuwahi kuzisikia kwa miaka yote ya ndoa yetu. Tulipomaliza kupalilia akaniuliza kama sitasali. Nikamwuliza anataka tusali sala gani.